Sauti Ilikuwa ya Syokau

Kama uko na simu, umeiona ile video. Mwanamke mwembamba wa gauni ya zambarau amesimama juu ya jiwe kwenye vilima vya Iveti, mikono juu, anaimba mpaka machozi yanatoka. Huyo ni Mwendwa, mke wa Kitonga, kiongozi wa kikundi chetu cha kuimba kanisani. Machozi ni yake. Sauti ni ya rafiki yangu Syokau, ambaye tulimzika Mitaboni mwezi wa nane.

Syokau aliuza nyanya na sukuma sokoni, kando ya meza yangu ya vyondo, vikapu vya kusuka. Nyimbo zilimjia akitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda kabla ya kuyapika. Alikuwa anasimama ghafla, mchi ukiwa juu, anasema, "Mama Mumbua, shika hii isipotee." Nami nilikuwa naimba nyuma yake mpaka wimbo ukae kwa vichwa viwili. Hatukuandika kitu. Mimi ndiye nilikuwa daftari lake.

Mwaka ule mvua ilikosa, alipanda kwa mchanga mkavu akiimba. Majirani wakamcheka. Mvua haikuja. Msimu uliofuata akapanda tena, akaimba tena. Imani ninayoijua mimi ni hiyo.

Siku ya kufungua kanisa jipya, sufuria kubwa ya muthokoi iliteleza kwenye mawe ya moto ikammwagikia shavu na shingo. Alikuwa akipikia wageni wa Bwana. Alipopona, mdomo ulibaki umevutwa upande mmoja, lakini sauti haikuguswa.

Kitonga alitupeleka studio mjini Machakos. Syokau aliimba mara moja tu, fundi akasema inatosha. Ikabaki video. Asubuhi hiyo huko Iveti tulikuwa tumeshavaa sare zetu, Kitonga akamwita kando, lakini si mbali. Sote tulisikia.

"Dada Syokau, usikasirike. Kamera haina huruma. Watu wakiona hilo shavu hawatasikia ujumbe. Mwendwa atasimama mbele, afungue mdomo tu."

"Na mimi?"

"Wewe utatushikia mifuko."

Syokau alimwangalia, kisha akacheka kidogo. Akaenda kwa Mwendwa, akamwonyesha pale katikati ya ubeti ambapo yeye mwenyewe huvuta pumzi mara mbili, asije akaaibika. Halafu akakaa chini ya kivuli na mifuko yetu kumi na mmoja. Hakuna aliyesema neno, hata mimi. Woi, ile gauni yangu ya sare nimeikata matambara ya kupangusia meza.

Video ikaenda mbali. Mwendwa akaitwa kwenye mikutano mpaka Kinanie, akipewa maua. Siku moja redio ya sokoni ikamsifu kwa koo aliyopewa na Mungu, na mwenye koo yuko pale anapanga nyanya.

"Twende tuseme!" nikamwambia.

"Mungu hajui sauti ya mtu wake?"

"Mungu anajua. Mitaboni ndio hawajui."

Aliendelea kupanga nyanya. Lakini figo zilipomlaza kitandani, alinishika mkono. "Siku ya kunizika, nataka wajue ni mimi. Si kiburi, Mama Mumbua. Nimechoka kushika mifuko."

Nikaapa. Na mimi si mtu wa kuapa.

Siku ya mazishi Kitonga alifika na spika mbili na flashi yake ya nyimbo. Nikamfuata nikamsihi kwa upole, "Leo imbeni kwa midomo yenu."

"Mama Mumbua, hii si siku ya mashindano."

"Ni kweli. Mshindi amelala pale."

Akapita kama hajanisikia. Flashi ikaingia, ala zikaanza, Mwendwa akainua maikrofoni. Sauti ya Syokau ikatoka kwa spika, juu ya jeneza la Syokau. Binti yake Ndila akalia, "Mama!" Mwendwa akaendelea kuchezesha midomo.

Damu ilinipanda. Nilisimama na kitambaa changu cha kanisa kichwani, nikatembea mbele ya watu wote, nikamnyang'anya Mwendwa ile maikrofoni.

Wimbo haukukatika.

Mwendwa alibaki na mdomo wazi, kisha akaufunga, na sauti bado inaimba. Nikaiweka maikrofoni juu ya jeneza, upande wa kichwa. Kitonga akakimbilia mashine aizime. Mzee Muthoka, shemeji ya marehemu, akamwekea fimbo njiani.

"Wacha mwenyewe amalize."

 Sauti ilipofika pale pa kuvuta pumzi mara mbili, akina mama wa sokoni, ambao walimsikia akiimba hivyo miaka yote, wakashika vichwa. Mmoja akasema kwa nguvu, "Kumbe!" Kisha wakaanza kumwitikia, safu baada ya safu, mpaka mwisho.

Mchungaji aliniita, akasema niombe msamaha, kisasi si chetu. Nilifunga siku tatu nikimuuliza Mungu kama nilikosa. Hajanijibu, na mimi sijarudia swali. Mwendwa hanisalimu. Mialiko imekauka, na sitadanganya kwamba nilihuzunika.

Upo wimbo wa mwisho, aliouimba kitandani, nikaushika usipotee. Sasa namfundisha Ndila jioni tukikoboa mahindi. Kitonga amesikia habari za wimbo huo. Jumatano iliyopita alikuja mpaka kwa meza yangu, kofia mkononi.

"Mwaitu," akaniita kwa heshima kama mama yake, "habari ya soko?"

"Nzuri."

"Kuna ule wimbo alikuachia marehemu. Tukiurekodi, jina lake tutaliweka mbele. Nakuomba."

Wateja walikuwa wamesimama. Nikavua mfuko wangu begani nikampa.

"Nishikie huu kwanza."

Akaushika. Nikauza vyondo vyangu polepole, mteja mmoja mmoja, huku nikiuimba wimbo ule ndani yangu, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, mdomo umefungwa. Nilipomaliza nikachukua mfuko wangu, nikamwambia aende salama.