Ua Moja Tu Kifuani

Daktari wa macho hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizima taa yake ndogo, akasukuma nyuma kiti chake cha magurudumu, akamwambia Shangazi kwamba jicho la kushoto lilishakwenda, na la kulia lilikuwa njiani.

"Njiani kwenda wapi tena, daktari?" Shangazi aliuliza. Alikuwa na tabia ya kutania akiogopa.

"Lilikokwenda lile jingine." Daktari hakucheka. "Presha ya macho hairudi nyuma, mama. Matone yataichelewesha tu. Kama kuna kitu unatamani kukiona, nenda kakione sasa. Usingoje mwaka uishe."

Shangazi alishuka ngazi za hospitali akishika ukuta, na kabla hajafika getini alikuwa ameshaamua. Angekwenda mji mkuu.

Hakuwahi kufika huko. Watu wa rika lake wote walishafika, wengine kwa masomo, wengine kwa kesi, wengine kwa kufuatilia pensheni za marehemu waume zao, na walirudi wakilalamikia vumbi. Yeye alikuwa mtarizi. Tangu usichana wake alikalia kiti kilekile, kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la vitambaa, akishona shanga na lulu za bandia kwenye magauni ya maharusi. Mtarizi hufundishwa mapema kwamba akimaliza ua ainue macho atazame mbali, yapumzike. Sasa, chumba kile hakikuwa na mbali. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Mbali pekee iliyokuwamo ilikuwa picha ya kalenda iliyopitwa na miaka, imebandikwa juu ya meza ya kupigia pasi: kasri la zamani la mji mkuu, lango lake la mawe, na uwanja mpana uliojaa njiwa. Akimaliza ua, anatazama kasri. Akimaliza jingine, kasri tena. Ujana wake ulipita hivyo, naye hakuona ubaya wowote, kwa sababu alijua ipo siku atakwenda.

Jina la Shangazi lilitoka kwa binti wa kaka yake, mtoto pekee wa nyumba ile, aliyeitwa Malkia tangu akiwa kwenye nepi. Karakana nzima ililidaka hilo la Shangazi, hata waliomzidi umri. Aliishi kwa kaka yake, chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji. Hakuna aliyewahi kumwambia aondoke. Wala hakuna aliyewahi kumwambia akae.

"Siku nne tu," alimwambia Mama Mkasi, mkataji wa karakana, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki, ambaye alikubali kufuatana naye ili amshike kiwiko wakivuka barabara. "Tukishuka kwenye treni tunaweka mizigo nyumba ya wageni, halafu moja kwa moja uwanjani."

"Hatunywi hata chai?"

"Tutainywa uwanjani."

"Na njiwa?"

"Na njiwa."

Aliupanga mji kama anavyopanga ua. Katika kazi yake hakuna kuanzia pembeni. Unatia kitovu kwanza, ndipo unazungusha petali. Kwa hiyo uwanja wa kasri ulikuwa kitovu, na kila matembezi yalikuwa petali: kutoka uwanjani hadi daraja la zamani na kurudi, kutoka uwanjani hadi makaburi ya wafalme na kurudi, kutoka uwanjani hadi mtaa wa wauza vitabu na kurudi.

"Mbona tunarudirudi?" Mama Mkasi alilalamika. "Watu wenye akili zao hutembea mji kwa mstari. Wewe unataka nizunguke kama mbuzi aliyefungwa kamba."

"Macho yakinigomea, nijue kitovu kiko wapi."

Mama Mkasi akachukua chaki yake, akauchora uwanja mezani.

Siku aliponunua tiketi za treni, Shangazi aliziweka mezani wakati wa chakula cha jioni ili watu wazione. Kaka yake alizigeuzageuza kama anayekagua noti ya bandia.

"Mji mkuu? Kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona!" Kaka alimtupia mkewe jicho. "Si daktari amesema macho ndiyo basi? Utaona nini huko, ukungu? Toka hapo nje upapase ukuta wa choo. Mawe ni yaleyale."

Alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi naye akacheka kidogo, maana kutocheka kungeonekana ni kununa.

Wifi hakucheka. Wifi alikuwa na sauti laini ya kumbembeleza mgonjwa anywe dawa. "Mwache wifi yangu, baba Malkia. Ametumika sana huyu. Nenda wifi, ukapumzike." Kisha, akimwongezea mchuzi ambao hakuuomba, akasema, "Ila kabla hujaondoka, gauni la harusi la mwanao Malkia limeshashonwa. Sitaki kukusumbua, harusi yenyewe bado. Wasichana wa duka la mjini ndio watakaolitarizi. Mimi nataka kwako ua moja tu, hapa kifuani. Mtoto aolewe akiwa na mkono wa shangazi yake mwilini. Ni vibaya?"

"Si vibaya, wifi."

Hapo ndipo alipoteleza. Kwa watarizi, mkono ni kama sauti: huyu huvuta uzi ukakaza, yule huuachia ukalegea, na mikono miwili kwenye gauni moja huonekana toka mlangoni mwa ukumbi kama kiraka. Kwa hiyo mkono ulioanza ndio humaliza, na hakuna mtarizi anayejiheshimu atakayegusa kazi iliyokwishaanzwa na mwingine. Shangazi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alijiambia kwamba ua moja lililosimama peke yake kifuani limekamilika, halidai mwenzake. Wengine wangeweza kutarizi sketi na mikono bila kuligusa. Hesabu ya kifundi hiyo, na kifundi ilikuwa sawa. Alichosahau ni kwamba Wifi, kabla ya kuolewa, alikaa karakana ileile akijifunza kutarizi, na ingawa kazi ilimshinda, kanuni zake hakuzisahau.

Alilitia ua lile kwa raha. Lilikuwa jeupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya kuua macho, naye alilishona huku akimhadithia Mama Mkasi habari za daraja.

Siku chache baadaye Wifi aliingia karakana na gauni mkononi, Malkia nyuma yake akitafuna bigijii.

"Wifi, makubwa! Wale wasichana wamekataa. Wameona ua lako wakasema, mama, mkono huu hatuufikii, aliyeanza amalize."

"Walikataa dukani kwao," Mama Mkasi aliuliza bila kuinua kichwa, "au hapo nje mlangoni?"

"Wewe kata vitambaa. Nani amekuita?" Wifi akamgeukia Shangazi, sauti ikarudi kwenye ulaini wake. "Halafu upande wa mume wamebadilisha tarehe. Likizo ya kijana imewahi. Sasa harusi inaangukia wiki ileile ya safari yako. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, hata sijui nikuambieje."

Malkia alikuwa mbele ya kioo, amejiwekea gauni kifuani, akigeuka huku na huku. "Imebadilika lini tena, mama? Si tangu mwezi uliopita? Ulisema shangazi asiambiwe mpaka atie sindano."

Cherehani ya mwisho chumbani ilinyamaza. Wifi hakuona haya hata kidogo. Alilitandaza gauni kwenye mapaja ya Shangazi, akalinyoosha vizuri kama anayemfunika mtoto shuka.

"Haya," alisema. "Si ameshatia?"

Walipotoka, Mama Mkasi alilikamata gauni kwa vidole viwili. "Mrudishie. Mtupie usoni. Tiketi tunazo, twende zetu."

"Aolewe na ua moja kama kipele?"

"Na aolewe!"

Shangazi aliutazama mshono wake. Lilikuwa ua zuri, labda zuri kuliko yote aliyowahi kuyatia, na lilikuwa peke yake kwenye weupe ule wote. Akachukua sindano. Mama Mkasi alitukana tusi ambalo halikuwahi kusikika humo, kisha akavuta kiti akaanza kumtungia uzi.

Alijipa moyo kwamba tiketi zingebadilishwa tarehe na safari ifuate baada ya harusi. Zilibadilishwa kweli. Kaka alizitoa kwenye kabati la Shangazi bila kumuuliza, akaenda stesheni, akarudi amefurahi.

"Nimewapa watoto, wakale fungate. Na kile chumba ulicholipia nyumba ya wageni pia. Hatuna uwezo wa kuwapa kingine, na wewe mtoto mwingine wa kumpa zawadi huna."

"Na mimi, kaka?"

"Mwaka kesho."

"Daktari alisema..."

"Madaktari!" Kaka alivua viatu. "Miaka yote umekula hapa, umelala hapa. Nilikuuliza utalipa nini? Siku moja tu ya mtoto, unaanza kutuhesabia macho."

Shangazi alirudi kwenye gauni. Alitarizi mchana, akatarizi na asubuhi kabla wengine hawajaja. Jicho lilikuwa likifinyika kama tundu la kifungo. Mwanzoni aliliona gauni zima, kisha mkono mmoja wa gauni, mwishowe akawa anaona ushanga na ncha ya sindano, basi. Yaliyobaki aliyatia kwa vidole. Siku ya harusi watu walilisifu gauni mpaka Wifi akachoka kupokea hongera. "Nilisimamia mwenyewe," alikuwa akisema.

Jioni ile, kabla ya kuondoka na mumewe, Malkia aliingia chumba cha nyuma. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto ambaye hajawahi kukatazwa kitu.

"Shangazi, eti ulikuwa umepanga kila kitu? Niambie basi tuanzie wapi."

Shangazi angeweza kusema hajui. Badala yake alimtolea mji wote, kitovu na petali zake, mahali pa kunywa chai, upande wa daraja wenye kivuli. Kisha akamshika mkono.

"Nipigie picha, mwanangu. Uwanja. Simama mbali kabisa, uingie wote. Usiniletee karibu. Vya karibu nimeviona vingi. Niletee mbali."

"Nitakuletea, shangazi. Mia."

Walirudi wamenona na wamechoka kwa raha. Nyumba nzima ilikusanyika sebuleni. Shangazi alikalishwa katikati ya kochi, Malkia kushoto kwake, Wifi kulia.

"Hukukosa kitu, shangazi," Malkia alisema akitafuta picha kwenye simu. "Mawe tu. Siku ya kwanza tulilala, ya pili mvua, ya tatu tukasema ah, tubaki zetu chumbani. Tulitoka ile ya mwisho, kwa ajili yako. Haya, shika."

Shangazi aliishika simu karibu na pua, akaizungusha mpaka tundu lake dogo la kuonea likaipata. Palikuwa na shavu. Paji la uso. Jino. Akashuka, akapanda, akatembeza jicho kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Malkia alikuwa ameijaza picha yote. Alicheka, nywele zake zimepeperuka. Nyuma ya sikio lake, kati ya hereni na ukingo wa simu, palikuwa na kitu cha kijivu, chembamba kama uzi. Kingeweza kuwa jiwe la lango. Kingeweza kuwa mawingu.

"Hapo ni uwanjani," alisema Malkia. "Njiwa walikuwa wengi!"

"Umemwona alivyopendeza?" Wifi aliuliza.

Shangazi alinyanyua kidole, akakiweka kwenye shavu la Malkia, akalisukuma pembeni taratibu ili aone kilichokuwa nyuma. Picha ikateleza, ikaja nyingine: Malkia tena, karibu zaidi. Akamsukuma na huyo. Akaja mwingine.

"Taratibu, shangazi!" Kaka alicheka kutoka kwenye kiti chake. "Ona anavyozila hizo picha! Na alikuwa anasema haoni."

Wote wakacheka. Shangazi aliendelea kusukuma.