Ufukwe Nilioudhania Wetu

Juzi nilipoona vijana wa manispaa wakifagia ufukwe wa Kismayu, nilimkumbuka bibi yangu. Tulipohamia mjini kutoka kisiwa cha Ngumi, aliufagia kila alasiri bila kutumwa, mikono ikinukia mwani. Nikaamini ufukwe ni wetu. Siku moja familia ya mjini ilitandika mkeka, nikawaamuru waondoke.

“Bahari umeinunua lini, we mtoto?” mama yao aliniuliza akicheka.

Bibi alikuja mbio. “Mwie radhi, mwanangu, ni mtoto.” Sauti yake ilitetemeka, nami sikuelewa kwa nini. Leo najua alifagia ili wenyeji watuzoee, wasitufukuze.

Yule mama alijisogeza, akaupigapiga mkeka. “Bibi, kaa nasi, chai ingali moto.”

Bibi akavua viatu, akakaa.