Kimbunga Kilichoishia Baharini

Mama hakuwahi kuiona bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa pale Manda, alikokwenda mara moja tu kumzika kaka yake aliyezama na mtumbwi. Kwa hiyo mdogo wangu alipopangiwa kufundisha shule ya msingi kisiwani Mafia, mama alimwuliza swali moja tu: "Huko wanafika kwa gari?" Mdogo wangu akacheka. Mama hakucheka.

Mwaka ule mwezi wa nne ulikuwa unaishia, mahindi yamekauka mashambani hapa Kitandililo na baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Mama alikuwa amevimba miguu, moyo wake umechoka. Jumapili tulimchukua kutoka hospitali. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Dada, mpelekeni nyumbani, mkae naye. Kama kuna watoto walio mbali, waiteni." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa namna ya kunywa vidonge. Mama nilimwambia ameruhusiwa kwa sababu ana nafuu.

Kesho yake, taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ikatangaza kimbunga. Kinasogea pwani, walisema. Upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi vinatarajiwa. Wavuvi wasitoke, wanaosafiri kwa boti wachukue tahadhari. Wakataja visiwa, na Mafia ikiwamo. Kiswahili cha redio kilikuwa kinampita mama, hivyo nikawa namgeuzia kwa Kibena, sentensi kwa sentensi. Za mwisho nilizilainisha kidogo.

"Kiko mbali?" akauliza.

"Mbali, mama. Kama hapa mpaka Morogoro."

Morogoro alipajua. Akatulia.

Jioni ile mdogo wangu alipiga simu. "Dada, mama anaendeleaje? Boti ya kesho asubuhi bado ipo. Nikiomba ruhusa leo, keshokutwa niko Makambako."

Mama alikuwa amesikia sauti yake. Aliinua mkono kutoka kitandani. "Mwambie asipande," akasema. "Mwambie hivyo hivyo."

Nikasema, "Anaendelea vizuri. Leo amekunywa uji. Subiri upepo upite, ndiyo uje."

Uji kweli alikunywa. Vijiko viwili.

Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Ningeweza kutoka uani na kumweleza mdogo wangu maneno ya daktari, mama asisikie. Uani kulikuwa hatua nne tu. Lakini niliogopa. Nilimwona akipanda boti kwa sababu yangu, mawimbi yakimchukua, nami nikirudi chumbani kumwambia mama. Na labda kulikuwa na jambo lingine: nikishayasema maneno ya daktari kwa mdomo wangu, yatakuwa kweli.

Boti ya Jumanne iliondoka, ikafika bandari ya Nyamisati, bara, salama. Jumatano boti zote zikasimamishwa.

Siku hizo mbili tuliishi na redio. Kila baada ya taarifa mama aliuliza kimefika wapi, nami nikimwambia sasa ni kama hapa mpaka Iringa, kisha kama hapa mpaka Mafinga. Mdogo wangu naye alipiga simu kila siku, akasema mvua inanyesha, shule zimefungwa, bahari imechafuka. Nami kila siku nilimjibu kwamba mama hajambo.

Alhamisi mama hakutaka kula. Mchana alifumbua macho, akanitazama muda mrefu.

"Hajapanda?"

"Hajapanda, mama."

"Vizuri."

Nikaenda jikoni kuleta maji ya moto nimkande miguu. Niliporudi na beseni alikuwa ameshaondoka.

Nilimpigia mdogo wangu kabla majirani hawajaanza kujaa. Nikamwambia mama ametutoka. Naye akasema, "Lakini ulisema amekunywa uji."

Ijumaa mtangazaji alisema kimbunga kimeishiwa nguvu baharini kabla ya kufika nchi kavu. Aliwashukuru wananchi kwa kuwa watulivu. Nilizima redio.

Baba mdogo aliamua tumsubiri mdogo wangu, mazishi yawe Jumatatu. Jumapili nikampokea stendi ya Makambako. Alishuka na begi moja dogo, bado amevaa kandambili za pwani kwenye baridi ile. "Hata mnazi mmoja haukuanguka, dada," alisema. Nikamfunga kanga yangu mabegani, tukalia hapo hapo, watu wakitupisha.

Tulimzika mama, kwaya ikaimba, mchungaji akasema alikuwa mtu wa kuhangaikia wanawe. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimweleza mdogo wangu kila kitu: hospitali, daktari, boti ya Jumanne. Nilitegemea apige kelele. Aliendelea kumenya viazi.

"Ungeniambia tu," akasema hatimaye. "Kupanda au kutopanda ningeamua mimi."

"Mama alikukataza kupanda."

"Mama hakujua alichojua daktari. Wewe ulijua."

Alirudi Mafia wiki iliyofuata, na kwa muda mrefu akipiga simu aliongea na watoto wangu, kisha akakata.

Krismasi iliyopita alikuja. Hatukuzungumza habari hizo. Asubuhi ya pili nilimkuta uani anafua mablanketi ya mama, yale mazito ambayo mimi nilikuwa sijathubutu kuyagusa. Moja lilimshinda kukamua. Nikashika upande wa pili, tukaanza kulisokota, yeye huku, mimi kule.

"Vuta, dada," akasema. "Bado lina maji."