Makadamia ya Toongabbie

Kawira alikulia Nkubu, Meru, kwa baba mpandikizaji wa makadamia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mti ule ni mgeni kwao. Kwa hiyo alipookota kokwa zake nyuma ya nyumba aliyopanga Toongabbie, kitongoji cha Sydney, alidhani kuna Mmeru alipita hapo zamani. Jirani akacheka: makadamia ni ya hapa hapa Australia. Kawira alivunja moja kwa jiwe, akatafuna, nyumbani kukamjia. Alilia, na msimcheke.

Ilikuwa 2021, Sydney imefungwa kwa ajili ya korona. Mwenye nyumba alishasema mti utakatwa, unaharibu mabomba, ila wakataji wangoje mji ufunguliwe. Basi watu wote wakaomba ufunguliwe, na Kawira, akitoka kuhudumia wazee Parramatta, akaomba usifunguliwe bado. Alitaka mtoto wa mti ule.

Akampigia baba yake. Mzee Mbaabu naye ana yake: kupandikiza aliwafundisha wavulana tu, na kisu chake alishapewa Murithi, kaka mtu. Wasichana walishika tu utepe wa kufungia vitawi. "Murithi atakuelekeza," akasema.

Kawira hakumtafuta Murithi. Alichukua miche iliyojiotea chini ya mti, akachonga vitawi vya mti wenyewe kwa kisu cha jikoni, akavifunga juu ya miche alivyozoea kuona. Vyote vikakauka. Ikabidi ameze aibu, amwonyeshe mzee kwenye simu.

"Ulilivua tawi gome kwanza?"

"Gome gani, Baba?"

Hapo mzee akasahau habari za wavulana. Tawi, akaeleza, huvuliwa pete ya gome likiwa bado mtini, likaachwa majuma kadhaa lijae chakula, ndipo likatwe. "Hukuliona hilo. Nilikuwa nalifanya mapema, ninyi mkiwa shuleni."

Kawira akavua gome, akangoja roho juu. Alipandikiza Oktoba, juma lile lile mji ulipofunguliwa. Wakataji walipokuja alijifungia jikoni asiuone mti ukianguka.

Kitawi kimoja tu kilichipua. Mzee alikitazama kwenye simu, akataka kisogezwe karibu.

"Utepe amefunga nani?"

"Mimi."

"Na kukata?"

"Mimi pia, Baba. Niko peke yangu huku."

Mzee akageuka, akaita nyuma yake. "Murithi. Nirudishie kile kisu. Kina mwenyewe."