Anarudia

Kigelegele cha Mama Kapinga bado kinalia masikioni mwangu.

Kwaya yetu inaandaa mchezo wa kuimba kuhusu askari mmoja, uliotokana na riwaya ya zamani ya kigeni. Ni mimi peke yangu niliyeisoma.

Leo kwenye mazoezi Mama Kapinga, mkimbizi anayeimba nasi, akanijia. Mume wake ni askari, yuko vitani, simu yake haipatikani.

"Mwana, ule askari anarudia?"

Nilidhani anauliza kama anarudia ubeti wake.

"Anarudia, mama. Mara mbili."

"Mara mbili? Wangu arudie hata moja tu."

Kumbe kwa Kiswahili cha kwao "kurudia" ni kurudi nyumbani. Akapiga kigelegele, wote wakacheka.

(Kwenye ukurasa wa mwisho wa riwaya, askari huyo anazikwa hukohuko vitani.)

Ninyi mngesema nini, mbele ya watu wote?

Jioni hii nimekwenda kwake kambini, nikamsomea ukurasa wa mwisho kwa Kiswahili, bila kuruka neno.