Filamu Aliyotufasiria Ami Mdogo

Niliagizwa niitafute ile filamu, nikaipata, nikaitazama peke yangu mpaka mwisho, kisha nikaenda kunawa uso. Ni ya Kimarekani, ya zamani sana: ndugu wawili wajenzi wanamgombania mwanamke mmoja huku wakipandisha ghorofa, na vinanda vinalia kila mtu akigeuza shingo. Upuuzi mtupu. Lakini si upuuzi ulionichefua.

Unaikumbuka Dubai ya miaka ile ya elfu mbili, kila ukigeuka kuna kreni? Sisi tulikaa Deira, juu ya ofisi ya wakala wa mizigo, vyumba viwili, na Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye beseni, zulia lilinuka vitunguu na soksi za wanaume, na jirani wa Mombasa alikaa mbele kabisa ya televisheni utadhani kainunua yeye. Nilizipenda Ijumaa zile kupita Idi.

Walikuja pia ndugu wawili wa Tanga, kwa basi la kutoka kambi ya wajenzi, nikiwaita ami mkubwa na ami mdogo. Ami mkubwa kazi yake ilikuwa kufunga majukwaa ya mabomba ambayo waashi husimama juu yake. Mpole, viganja vimepasuka kwa sementi. Ami mdogo alikuwa foromani, ananukia, hakosi la kusema, na kati ya wakubwa wote ni yeye tu aliyejua Kiingereza. Wote wawili walimtaka mama mdogo wangu, aliyeuza manukato dukani na kulala chumba kimoja nami. Mimi nilijua anamtaka nani. Kichwa cha samaki alimwekea ami mkubwa, kila Ijumaa.

Basi Ijumaa ya filamu ile ami mdogo alisimama kando ya televisheni, rimoti mkononi, akisimamisha picha na kutufasiria. Mwanzoni tulicheka sana. Wale wajenzi walivaa mashati meupe, nywele zimelala.

"Sementi gani hiyo haichafui hata ukucha?" aliuliza ami mkubwa.

Wakibusiana, mama alinifunika macho kwa kanga yenye harufu ya samaki. Masikio hakuyafunika, nami nilisoma shule ya Kiingereza.

Mwishoni ndugu hao wanasimama juu ya boriti. Mkubwa anamwambia mdogo: umenidanganya, na anayependwa ni mimi, shuka uende zako. Mdogo anashuka akilia. Ami mdogo akasimamisha picha, akafasiri: "Anasema, nenda kwake, mdogo wangu. Nimekuachia." Kisha akazima kabisa. "Khalas, imekwisha."

Wanawake walikuwa wanafuta machozi. Jirani akajipiga paja: "Wallahi, huyo ndiye kaka!"

Ami mkubwa akanigeukia. "Mwanangu, msomi wetu, ndivyo alivyosema?"

Ami mdogo alinitazama. Kila Ijumaa aliniletea shawarma na sharubati ya embe, na ya siku ile nilikuwa nimeshaila, vidole bado vina mafuta.

"Ndivyo, ami," nikasema.

Ijumaa iliyofuata ami mkubwa hakuja, wala iliyofuata. Mama mdogo alikifunika kichwa cha samaki kwa sahani mpaka kikaganda. Akaamini hatakiwi, na kwa uchungu akaolewa na ami mdogo, ambaye alimwacha na watoto wawili akaenda kuoa kwingine. Yule mtu ananitia kinyaa mpaka leo. Na mimi najitia kinyaa, maana nilikuwa na miaka kumi, na kwa miaka kumi mtu anajua uongo ni nini.

Ile nyumba imevunjwa, pamejengwa hoteli. Jirani sijui yuko wapi. Ami mkubwa yuko Tanga, hakuoa, na ndiye anayewasomesha watoto wa mdogo wake. Ni yeye aliyeniagiza filamu, anataka kuwaonyesha wale watoto udugu ni kitu gani. Sasa nimeuona mwisho tuliozimiwa: ni harusi, ya kaka mkubwa.

Jana akapiga simu. "Umeipata, mwanangu?"

Sidii ya filamu ilikuwa mezani, mbele yangu.

"Haipatikani, ami."

"Haya, si neno," akasema, na akanishukuru kwa kuhangaika.