Kukirudisha Kiti cha Koome

Kwa kawaida siendi kuchukua viti. Mimi ni mchoraji katika karakana ya hapa Embu inayotengeneza viti vya magurudumu vya watoto, na kazi ya kukusanya vilivyotumika ina dereva wake. Lakini wiki ile dereva alikuwa mgonjwa, na huko Kianjai kulikuwa na kiti kilichokaa bila mtoto tangu mazishi ya Koome, mvulana aliyekuwa akikitumia. Nikaambiwa nichukue pikapu niende.

Niseme kidogo kuhusu kiti chenyewe, maana nilikichora mimi na nakionea fahari mpaka leo. Kinafunguka chote kwa spana moja. Chini ya kikalio kuna safu ya matundu, mtoto akikua unahamisha boliti kwenye tundu la mbele. Asipokihitaji tena kinarudi kwetu, tunakifungua, na kila kipande kizima kinaingia kwenye kiti kingine. Siku zile wageni wakitutembelea nilikuwa nawaambia hapa hakuna kinachotupwa, halafu nasubiri nisifiwe.

Niliondoka Embu asubuhi, manyunyu yakianguka. Barabara ya Chuka inashuka kwenye kila mto na kupanda tena, migomba huku, majani chai kule, na mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika kabisa. Sikuwa na haraka. Kusema kweli nilikuwa nikifurahia kutoka ofisini.

Nkubu nilisimama kwa nyanya mmoja aliyekuwa ametupigia simu. Mjukuu wake, Makena, msichana wa miaka saba, alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango. Kiti chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani, magurudumu madogo ya mbele yamepasuka. Stoo yetu haikuwa na mengine.

“Sasa atakaa chini mpaka lini?” nyanya akaniuliza.

Nikamwambia nikitoka Kianjai nitakuwa nayo.

Kianjai nilifika saa sita hivi. Mama Koome alikuwa akinisubiri. Alikuwa amevaa nguo za kanisa na kitambaa kipya kichwani. Miguuni pake palikuwa na kiondo cha ndizi mbivu, na juu ya ndizi shali ya mtoto iliyokunjwa vizuri. Kiti kilikuwa mlangoni, kimeoshwa mpaka spoku za magurudumu zinang'aa.

“Karibu, fundi. Kunywa uji kwanza, halafu twende.”

“Twende wapi, Mama Koome?”

“Si kuona mtoto?”

Hapo nikaelewa. Huku kwetu mtoto akizaliwa, akina mama hufunga kiondo wakaenda kumwona, na hakuna anayekwenda mikono mitupu. Yeye alikuwa amejiandaa vivyo hivyo kwa mtoto atakayekalia kiti cha mwanawe.

“Ni kijana ama ni msichana?” akauliza, akinimiminia uji.

Nilitamani kudanganya. Kikombe kilikuwa cha moto nami nikakishika tu.

“Mama, hakuna mtoto mmoja. Tukifika Embu tunakifungua. Fremu inaenda kwa huyu, kikalio kwa mwingine, magurudumu kwa mwingine.”

Akaweka birika chini.

“Mnamkatakata?”

“Si yeye, mama. Ni kiti.”

“Najua ni kiti. Mimi ndiye nilikuwa nakisukuma.” Akaweka mkono kwenye egemeo. “Basi hakiendi.”

Sikumbishia. Katika michoro yangu yote sikuwahi kumchora mtu huyu, aliyebaki na kiti. Nilimaliza uji, nikamwambia habari za Makena, mkeka wake na magurudumu yaliyopasuka. Alisikiliza akitazama barabarani.

“Hajasimama hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

“Kama wangu.” Akanyoosha mkono. “Leta hiyo spana.”

Alipiga magoti kwa nguo zake za kanisa akafungua magurudumu mawili ya mbele. Kidole chake kilipita kwenye matundu ya kikalio kikasimama kwenye la mwisho, ambalo halikuwahi kutiwa boliti. Tundu lile nililipima mimi, kwa mwaka ambao Koome hakuufikia. Niligeuka nikajifanya natafuta kitu kwenye pikapu.

“Hii ingine iache kwanza,” akasema. “Nataka kuona haya yakienda.”

Tulirudi Nkubu pamoja, magurudumu yakiwa mapajani mwake. Pale kwa nyanya aliyafunga mwenyewe, akanikatalia nisimsaidie. Tulimwinua Makena tukamkalisha. Akajisukuma mpaka kwenye banda la ng'ombe, akageuka, akarudi akicheka kwa sauti. Nyanya alipiga makofi na kumshukuru Mungu kwa Kimeru. Mama Koome alimfunika msichana shali, akamshika mashavu, akamtazama usoni kwa muda mrefu mpaka mtoto akaacha kucheka.

Njiani kurudi Kianjai, tulipoupita mji wa Meru, Mama Koome alinigeukia.

“Nilifikiria nitamwona Koome,” akasema. “Nimeangalia vizuri, fundi. Huyo ni mtoto wa wenyewe.”

Akalia, nami nikasimamisha gari kando ya barabara. Hatimaye alijifuta kwa ncha ya kitambaa.

“Tukifika chukua hiyo ingine yote. Hayuko kwa hicho kiti.”

Nilipakia fremu na kikalio jua likienda kuzama. Hakutoka nje kuniaga, na sikutarajia atoke. Nililala Meru, na kesho yake nikaingia Embu, kiti kikafunguliwa siku hiyo hiyo kama vingine vyote.

Wageni bado wananiuliza kama ni kweli hatutupi kitu. Nawajibu ni kweli, ila sisubiri tena kusifiwa. Na kabla gari letu halijatumwa kuchukua kiti cha mtoto aliyefariki, napiga simu mwenyewe, namweleza mama wazi kwamba kitafunguliwa vipande vipande, asije akajiandaa kwenda kuona mtoto.